Lenzi ya mkono ya mara 10: tathmini ya kifaa cha kutofautisha maua ya msimu yanayofanana

Lenzi ninayoitathmini hapa ni ile ndogo ya kukunjwa inayobebwa mfukoni au kuning'inizwa shingoni, yenye ukuzaji wa mara 10, kioo cha kipenyo cha milimita 18, na vipande vitatu vya kioo vilivyogundishwa pamoja ndani ya fremu ya chuma. Niliinunua kwa shilingi 2,400 katika duka la vifaa vya maabara za shule hapa Nakuru, si mbali na Barabara ya Kenyatta. Kazi niliyoikusudia ni kutofautisha spishi za mimea ya msimu mmoja, yaani ile inayoota mvua ikinyesha, ikachanua, ikaangusha mbegu na kufa kabla kiangazi hakijakaza, na ambayo macho matupu huiona kuwa kitu kimoja. Mimea ya namna hiyo tunayo tele, kuanzia mashamba ya Njoro na Bahati hadi nyanda kame za Marigat, ambako majuma machache baada ya mvua za kwanza ardhi iliyokuwa tupu hufunikwa na maua madogo ya njano, meupe na ya samawati. Nitangulize uamuzi wangu: kwa kazi hiyo lenzi hii imenifaa kuliko simu, na kuliko lenzi nyingine zilizokuwa kwenye rafu ileile, ingawa zina bei nafuu na nambari kubwa zaidi.

Nambari hizo ndizo zinazohitaji kuzungumzwa kwanza, kwa sababu ndizo zinazowapotosha wanunuzi wengi. Kando ya lenzi niliyoichukua kulikuwa na nyingine yenye kioo kipana cha milimita 21, iliyochorwa ubavuni kwamba inakuza mara 30, na bei yake ilikuwa shilingi mia tano. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinisogezea hiyo kwanza. "Chukua hii, mwalimu, ni mara thelathini na ni mia tano tu." Nilimwomba rula. Ukuzaji wa lenzi ya mkono hupatikana kwa kugawanya milimita 250, ambao ndio umbali unaochukuliwa kuwa wa kawaida wa kusomea, kwa umbali wa fokasi wa lenzi yenyewe. Kwa hiyo lenzi ya mara 10 huonyesha kitu kwa ukali kikiwa takriban milimita 25 kutoka kwenye kioo, na lenzi ya mara 30 ya kweli ingelazimika kusogezwa hadi milimita 8 hivi, karibu kabisa kuligusa ua. Tuliweka lenzi ya mia tano juu ya gazeti, tukaiinua taratibu hadi herufi zikakaa sawa, kisha tukapima: zilikuwa zaidi ya sentimita mbili na nusu. Maana yake ni kwamba lenzi ile haifiki hata mara 10, licha ya maandishi yake. Yule kijana alicheka, akaipima tena mwenyewe, na nadhani sasa huwaonyesha wateja wengine jaribio hilohilo.

Jaribio la pili halihitaji hesabu. Ukiitazama karatasi ya grafu kupitia lenzi yenye kioo kimoja, miraba ya katikati huwa sawa, lakini ya pembeni hupinda, na mistari yake hupata pindo za rangi, upande mmoja zambarau na upande wa pili njano. Kioo kimoja huipinda kila rangi ya mwanga kwa kiwango chake, na ndiyo sababu vioo viwili au vitatu vya aina tofauti hugundishwa pamoja ili kimoja kisahihishe upungufu wa kingine. Muundo wa vioo vitatu unaotumika katika lenzi nyingi nzuri za mkono huitwa kwa jina la Hastings, mwanafizikia Mmarekani. Katika lenzi yangu miraba ilikaa sawa karibu hadi ukingoni, na pindo za rangi sikuziona ila kwa kuzitafuta. Si jambo dogo kwa mtu anayetazama maua, kwani pindo la zambarau kwenye ncha ya unywele linaweza kumfanya aamini kwamba kuna tezi mahali pasipo na tezi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nisinunue ya mara 20 yenye vioo vitatu, ambayo pia ilikuwepo. Niliijaribu. Ukuzaji ukiongezeka, eneo linaloonekana hupungua, unene unaokaa ndani ya ukali hupungua zaidi, na umbali kati ya kioo na ua hubaki kama milimita 12, hivyo kichwa cha mtazamaji huuzuia mwanga anaouhitaji. Mkono nao hautulii, hasa mtu akiwa amechuchumaa shambani huku upepo unavuma. Mara 10 ndicho kipimo ambacho wataalamu wengi wa mimea hubeba nje ya maabara, na baada ya kuitumia ninakubaliana nao bila shaka yoyote.

Mmea ambao nimeitumia zaidi juu yake ni Galinsoga, kile kigugu kinachojaa katika vitalu vya sukuma wiki na kati ya mistari ya mahindi, chenye vichwa vidogo vya njano vinavyozungukwa na petali tano nyeupe zilizokatika meno matatu kila moja. Asili yake ni Amerika, na huku kwetu zipo spishi mbili, Galinsoga parviflora na Galinsoga quadriradiata, zinazoweza kuota katika shamba moja. Wengi huzitenganisha kwa kutazama shina, kwamba quadriradiata ina manyoya mengi na parviflora haina mengi. Dalili hiyo husaidia lakini haitoshi, kwa sababu wingi wa manyoya hubadilika kwa umri wa mmea na mahali ulipoota. Dalili ya kutegemewa imo ndani ya kichwa cha ua. Nilichana kichwa kimoja kwa pini juu ya karatasi nyeusi, nikayatenga maua ya katikati na yale ya pembeni, kisha nikayapitisha moja moja chini ya lenzi.

Hapo ndipo nilipouona ubora wa kifaa. Kila ua la katikati hukaa juu ya tunda dogo jeusi, na juu ya tunda hilo kuna duara la magamba membamba, meupe, yanayokaribia kupenya nuru. Katika parviflora magamba hayo huwa na kingo zilizochanikachanika kama ukindu wa mkeka uliokatika, na ncha zake ni butu. Katika quadriradiata gamba hupungua upana kuelekea juu na kuishia kwenye ncha nyembamba iliyochongoka. Tena, ukigeukia maua meupe ya pembeni, parviflora haina magamba au ina mabaki tu yasiyoonekana vizuri, ilhali quadriradiata inayo dhahiri. Magamba yenyewe ni ya milimita moja hivi, na ni angavu, kwa hiyo lenzi yenye pindo za rangi huyafuta kabisa. Kwa lenzi ya mia tano niliona ukungu mweupe juu ya tunda, basi. Kwa hii niliweza kuihesabu michaniko ya gamba moja. Kwenye shina la quadriradiata niliona pia manyoya marefu yaliyosimama wima, na baadhi yakiwa na kitone kinachong'aa kwenye ncha, ambacho ndicho tezi.

Ni haki kukiri kwamba mkulima anayepalilia hana haja na tofauti hiyo, kwa kuwa jembe halibagui spishi. Anayeihitaji ni mwalimu anayewafundisha wanafunzi kuukagua mmea badala ya kuukisia, au mtu anayekusanya vielelezo vya kupeleka kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako jina lililoandikwa vibaya huendelea kuwasumbua wengine kwa muda mrefu.

Kwenye nyanda za Marigat na kandokando ya barabara ya kwenda Ziwa Bogoria lenzi ilinipa matokeo mchanganyiko. Mbigili, kwa mfano, haikuihitaji sana. Tribulus terrestris, ile inayotoboa magurudumu ya baiskeli na ndala za watoto, ina maua ya njano ya petali chache za milimita kadhaa, wakati Tribulus cistoides ina maua makubwa ambayo petali yake moja huzidi sentimita moja. Rula inatosha, na mara nyingi hata jicho linatosha. Tunda la mbigili hata hivyo linafaa kutazamwa: likikauka hugawanyika vipande vitano, na kila kipande hubeba miiba miwili mirefu na miwili mifupi iliyoelekezwa pande tofauti, kiasi kwamba likidondoka vyovyote, mwiba mmoja huelekea juu. Chini ya lenzi huonekana pia manyoya magumu katikati ya miiba, ambayo kwa kidole huhisiwa kuliko kuonekana.

Kwa Portulaca hali ilikuwa kinyume chake. Portulaca oleracea na Portulaca quadrifida hutambaa chini pamoja, zote zina majani manene yenye maji, zote zina maua ya njano yanayofunguka jua linapokuwa kali na kufunga baada ya muda mfupi, na mtu akizitazama akiwa amesimama atasema ni mmea mmoja wenye afya mbili tofauti. Lenzi inaondoa utata haraka: quadrifida huota majani mawilimawili yanayoelekeana, petali zake ni nne, na kwenye kila kifundo cha shina kuna kishungi cha manyoya meupe, ambapo oleracea mara nyingi ina petali tano, majani yake hayaelekeani katika sehemu kubwa ya shina, na manyoya ya kwenye vifundo ni machache mno kiasi cha kutoonekana bila msaada. Nilipowaonyesha vijana wawili waliokuwa wakichunga mbuzi karibu nami, walikikuta kishungi hicho kabla sijawaambia wakitafute, na mmoja wao alitaka kuitumia lenzi kutazama kupe.

Anayetaka kuelewa kwa nini wataalamu wa maua ya jangwani hawaachi lenzi nyumbani na afikirie mimea ya jenasi (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) ya Cryptantha katika majangwa ya California na Nevada. Ni mimea midogo ya msimu mmoja, yenye manyoya magumu na maua meupe yanayofanana mno, na spishi nyingi haziwezi kutajwa kwa uhakika mpaka matunda yaive. Kila ua huweza kutoa vijitunda vinne vya milimita moja au mbili; katika spishi moja huwa laini na ving'aavyo, katika nyingine vimejaa vichunjua, na katika baadhi yake kijitunda kimoja hutofautiana na vitatu vilivyobaki. Huku kwetu familia hiyohiyo ya mimea inawakilishwa katika maeneo makavu na Trichodesma zeylanicum, yenye maua ya samawati yanayoinama na manyoya makali yanayosimama kila moja juu ya kivimbe cheupe. Vivimbe hivyo lenzi yangu ilivionyesha kwa uwazi ambao sikuutarajia kwa bei ile.

Gugu la Parthenium hysterophorus, ambalo limeenea Baringo na sehemu nyingine za nchi na ambalo huwawasha ngozi watu wengi wanaoling'oa kwa mikono mitupu, lilikuwa jaribio jepesi. Likiwa changa, majani yake hufanana na ya karoti, na likichanua watu hulichanganya na magugu mengine ya maua meupe. Chini ya lenzi kichwa chake chenye upana wa milimita nne hivi huonyesha pembe tano, na katika kila pembe kuna ua moja dogo la pembeni lenye umbo la moyo. Ageratum conyzoides, ambayo nimeona ikiitwa kwa jina la gugu hilo zaidi ya mara moja, haina maua ya pembeni hata moja. Nawasihi watakaolikagua wavae glavu, kwa kuwa kulitazama vizuri kunalazimu kulisogeza karibu na uso.

Jaribio lililonishawishi zaidi lilikuwa Siaya, kwenye shamba la mtama na mahindi la jamaa zangu, ambako kayongo, yaani Striga, ilikuwa imechanua kwa rangi ya zambarau inayopendeza macho ya mpita njia na kumliza mwenye shamba. Mmea huo hujishikiza kwenye mizizi ya nafaka na kunyonya chakula na maji yake, na mmea mmoja unaweza kutoa mbegu makumi ya maelfu zinazokaa udongoni kwa miaka mingi. Mama mwenye shamba aliponiona nimepiga magoti alisema, "Mwanangu, kayongo ni kayongo tu, unatafuta nini humo?" Nilichokuwa nikikitafuta ni kalisi, kile kikombe cha kijani kinachoshika petali. Striga hermonthica, iliyo maarufu kuzunguka Ziwa Viktoria, ina mistari mitano iliyoinuka kwenye kalisi. Striga asiatica, yenye maua madogo ambayo mara nyingi huwa mekundu lakini pia huweza kuwa meupe au ya njano, ina kumi. Rangi ya ua hupotosha, ukubwa hupotosha pale mmea unapokuwa dhaifu, lakini mistari huhesabika. Nilimpa mama lenzi, nikamwonyesha namna ya kuishika, naye akazungusha ua polepole kwa vidole vyake na kuhesabu kwa Kijaluo hadi tano. Kisha akaomba kutazama jani la mhindi lililokuwa na matundu, akamwona kiwavi aliyejificha ndani yake, na baada ya hapo kurudishiwa lenzi yangu kulichukua muda.

Pale pale Siaya kifaa kilifika mwisho wa uwezo wake. Mbegu ya Striga ina urefu wa takriban milimita 0.3, na kwa mara 10 huonekana kama punje ya kahawia isiyo na maelezo. Mwenye kutaka kuona mifinyo ya ganda lake hana budi kutafuta hadubini.

Kuhusu simu, najua wengi watasema kwamba programu za kutambua mimea kwa picha zinatosha. Zinasaidia, na mara nyingi hufikia jenasi kwa haraka, lakini picha ya ua iliyopigwa kutoka juu haina magamba ya tunda wala mistari ya kalisi, kwa hiyo programu hulazimika kukisia mahali ambapo ushahidi haukuingia katika picha. Dawa yake ni kuvitumia vyote viwili. Lenzi hii ina upana unaofaa kuwekwa mbele ya kamera ya simu. Ukiishikilia ikigusa simu, ukiilenganisha katikati ya kamera na kusogeza ua hadi likae sawa, utapata picha ya magamba ya Galinsoga ambayo mtu aliye mbali anaweza kuihukumu. Simu zenye kamera tatu nne husumbua kidogo, kwani hubadilisha kamera zenyewe ukikaribia kitu.

Dosari sasa. Skrubu inayoshika fremu na kifuniko hulegea, na ya kwangu ilianza kuyumba baada ya muda si mrefu. Bisibisi ndogo ya fundi wa saa inaikaza, lakini lenzi ya bei hii ingepaswa kuja na skrubu inayotulia. Haikuja na kamba, wala tundu lake halipitishi kamba nene, nami nimetumia uzi wa viatu. Rangi nyeusi ya fremu imeanza kubanduka. Wenye kuvaa miwani wanaweza kuitumia bila kuivua, ila eneo watakaloliona litakuwa dogo zaidi, kwa sababu lenzi hii hufanya kazi ipasavyo ikiwa karibu kabisa na jicho, na ua ndilo linalosogezwa kuifuata. Anayeishika mbali kwa mkono ulionyooshwa kama afanyavyo na kioo cha kusomea gazeti hataona lolote la maana, na atailaumu lenzi bure.

Usafi nao una masharti. Vumbi la Marigat lina chembe ngumu, kwa hiyo lipulizwe kwanza kabla ya kitambaa laini cha pamba kugusa kioo, na spiriti isitumike kuisafisha kwa kuwa inaweza kuharibu gundi inayounganisha vioo vitatu.

Kwa walimu wa biolojia na kilimo, maafisa wa ugani, na yeyote anayependa kuyajua maua ya mvua kwa majina yake kamili, ninaipendekeza kwa bei hiyo. Shule inayotaka lenzi za darasa zima itafanya vyema kuuliza ile ya vioo viwili, ambayo katika duka lile ilikuwa karibu nusu ya bei na ilipita jaribio la rula bila matatizo, ingawa miraba ya pembeni ilipinda kidogo. Huduma ya duka ni nzuri, na walikubali niijaribu kila lenzi kabla ya kulipa. Anayekwenda abebe rula na kipande cha karatasi ya grafu, na aombe kutoka nayo hadi mlangoni penye jua, kwa maana taa za ndani ni hafifu na pindo za rangi hazionekani vizuri chini yake.